Karai la Karanga

Jumatatu, 3 Novemba
Tumekaanga karanga tangu asubuhi. Mgongo unauma, Bwana ni mwema. Karai langu limerudi kutoka kwa mdogo wangu Masanja, aliliazima kukaangia dagaa. Chini lina doa jeupe, linang'aa kama bati jipya. Nimesugua kwa majivu, halitoki. Nimekaanga hivyo hivyo. Siagi ya karanga imetoka laini, makopo yote yamekwenda. Mama Milembe kachukua mawili ya mtoto wake. Mama huyu alikuwa akiponda mawe ya dhahabu, vumbi likamkohoza mwaka mzima. Mimi ndiye niliyemtoa kule, nikamwingiza kikundi chetu cha kanisani. Nilimwambia karanga haziui mtu.

Alhamisi, 6 Novemba
Hasira.
Mke wa Masanja kanikuta kisimani, anacheka, eti wifi, karai lako lina baraka, dhahabu imeiva vizuri. Dagaa gani! Alichomea dhahabu yenye zebaki humo. Kwenye chombo cha chakula.
Nimemfuata hadi kwenye duara lake, shimo analochimba dhahabu. Shikamoo sikuipata. Wenzake wakanitania, mama kanisa kafuata dagaa wake. Masanja hata hakuacha kuchimba.
"Dada, moto unaua kila kitu. Na wewe si umekaangia motoni?"
"Zebaki siyo mdudu, Masanja. Haifi."
Nikamtukana pia. Nitatubu, ila si leo.

Ijumaa, 7 Novemba
Muuguzi wa zahanati kasema asile mtu, makopo yarudi yote, mtoto wa Mama Milembe akapimwe hospitali Kahama. Katibu wa kikundi anataka tuseme karanga zilivunda. Tukisema zebaki, anasema, hakuna atakayenunua tena Bugarama nzima. Labda kweli. Nimekataa. Nimepita nyumba kwa nyumba na kikapu. Wengine walikuwa wameshamaliza kopo.

Jumapili, 9 Novemba
Nimesimama kanisani baada ya matangazo. Nimesema yote, hata doa. Kwamba nililiona. Mama Milembe akambeba mtoto, akatoka.

Jumanne, 11 Novemba
Nimemwona Mama Milembe amerudi kwenye mawe. Nyundo mkononi, mtoto mgongoni, vumbi limewafunika wote wawili.
Nimelia njiani kwa hasira. Namchukia Masanja. Naichukia dhahabu. Hapa kwetu kila kitu lazima kiende kuitumikia, mashamba, visima, sasa hata karai. Na ninajichukia mimi. Doa lile nililisugua, nikanyamaza, kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri.

Ijumaa, 14 Novemba
Karai la zamani nimelitoboa kwa msumari, matundu mengi, asije mtu akalipikia. Muuguzi kalichukua na makopo.
Asubuhi nimekuta karai jipya mlangoni. Masanja hakupiga hodi. Ndani kaweka dagaa. Sijawagusa.
Mchana Mama Milembe kaja, kamlaza mtoto kwenye kanga, kavuta ungo. Tukabangua karanga mpaka jua likapinda. Alipoinuka akasema tu, "Ukiona doa jingine, mayu, mama yangu, sema siku hiyo hiyo."
Nikamwambia nitasema.
Majibu ya vipimo vya mtoto kutoka Kahama bado hayajatoka.
Bwana, mimi mzima, mtoto sijui. Nakuomba unijibu mapema.