Maneno Mawili ya Mdogo Wako

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kabla hata hujakaa chini. U mzima? Unakula? Huku baba yako anakusalimu. Mgongo unamsumbua lakini mdomo mzima. Shangazi yako anakusalimu na anasema umemsusa. Mdogo wako, kitinda mimba wangu, alikusalimu kwa Kiingereza, mimi nimekataa kukiandika. Mpangaji wetu hana haja ya kutuma salamu, maana ndiye anayekuletea barua hii. Simu sikutaka, nikiongea, nyumba nzima inasikia.

Mama yako hajatulia. Jana nimetia chumvi mara mbili kwenye mboga, baba yako akauliza kama namkausha kama samaki.

Yote yameanzia kwenye kazi ya shule ya mdogo wako. Alipewa maneno mawili, "alone" na "lonely", aeleze yanatofautianaje. Shangazi yako akasema ni mtu na pacha wake, Wazungu wanapenda tu kujaza midomo. Tukacheka. Lakini yupo aliyekuwa anachagua mchele, akasema bila kuinua macho kwamba la kwanza ni kuwa peke yako tu, na unaweza kuwa hivyo huku unapiga mluzi. La pili ni upweke, na huo haungoji nyumba iwe tupu. Unaweza kulala kitanda kimoja na mtu na ukawa nao.

Nikakumbuka ulivyonipigia ukasema mkeo yuko kwa dada yake, na wewe uko peke yako, huna neno, unatengeneza simu zako kwa raha. Mwanangu, simu za watu unazifufua zinaongea, ya nyumbani kwako imezimika hata hujui?

Nimeapishwa nisiseme, na nasema. Mkeo hayuko kwa dada yake. Yuko hapa kwangu. Huo mchele alikuwa anachagua yeye. Hajakusema vibaya. Amesema tu kwamba akiongea unaitikia "mm", jicho kwenye lenzi yako ya ufundi, na siku moja alinyamaza kutwa nzima aone kama utajua. Hukujua. Kaka zake wanakuja kumchukua Jumamosi, na akishatoka mlangoni kwangu, kumrudisha ni vikao juu ya vikao.

Usitume mtu wala zawadi. Njoo mwenyewe, na hizo simu uziache hukohuko.

Wasalimie majirani wote. Nijibu upesi, mwanangu, hata kwa neno moja kwamba unakuja. Simu ikilia humu ndani, yeye ndiye wa kwanza kuinua kichwa, halafu anajifanya ameinuka kufunga dirisha.

Mimi mama yako