Mteremko Nilioupima kwa Toroli

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Dada yangu Oliva,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa hapo karibu anasubiri kusikia kama nimepata mchumba. Sijapata, mwambie. Baridi ya Njombe inasemaje mwaka huu? Viazi vimetoka salama? Na lile gurudumu la kushoto la kiti chako, lililokuwa linalia kama mbuzi, yule fundi baiskeli amelitengeneza au bado anasema kesho? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungeuliza "kazi vipi?", ningejibu "nzuri", tukamaliza.

Kazi si nzuri, dada. Nimeharibu.

Huku watu wamejenga mlimani juu ya mawe. Usifikirie mawe ya msingi. Haya ni majabali makubwa kuliko kanisa letu, na nyumba zimebanana katikati yake. Kupanda kutoka barabarani ni ngazi tupu, zimekanyagwa mpaka zinateleza. Mtaa ukaamua itengenezwe njia ya mteremko pembeni ya ngazi, ili mwenye baiskeli asiibebe begani, mwenye ndoo kichwani apate pa kukanyaga, na Mama Kulwa aweze kushuka na kupanda mwenyewe. Kazi nikapewa mimi.

Mama Kulwa alikuwa muuza dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la huku, mpaka miguu ilipokosa nguvu. Kanisa lilimpatia kiti cha magurudumu kama chako, lakini kimekaa sebuleni kama kochi la wageni. Ziwa analiona kila asubuhi akiwa mlangoni. Akitaka kulifikia, mwanawe Doto humbeba mgongoni. Mama mtu mzima, dada, anabebwa mbele ya wateja wake wa zamani. Alishaacha kwenda.

Katikati ya njia kuna jabali. Kulizunguka ilikuwa kazi ndefu, nami nilitaka sifa ya kumaliza mapema. Tukaliwashia moto ubavuni kama wafanyavyo huku, likabanduka vipande, nikapata upenyo wa kupitisha njia moja kwa moja. Saruji ilipokauka nikapima kama mjomba alivyonifundisha: nikajaza toroli mchanga mbichi, nikaligeuzia mgongo, nikalivuta mpaka juu bila kutua. Watu wakapiga makofi. Nikavimba kichwa.

Jana Mama Kulwa akaletwa kuijaribu. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Doto alimshusha taratibu mpaka chini, kisha akamwachia apande mwenyewe. Akasukuma magurudumu mara moja, ya pili, ya tatu. Ya nne mikono ikagoma, kiti kikaanza kurudi nyuma. Kabla sijamfikia kikagonga ukuta wa jirani. Mungu mkubwa, hakuvunjika kitu, ila viganja vilichubuka kwa kujaribu kukizuia.

Badala ya kumpa pole nikaanza kujitetea. Nikamwambia mimi hapa nilipandisha toroli zima la mchanga.

"Basi fundi umejengea mchanga," akasema. "Mimi siyo mchanga. Mchanga hauogopi kurudi nyuma."

Mwenyekiti wa mtaa akaingilia. "Mama, si utasukumwa tu! Vijana wapo. Baiskeli zinapita, pikipiki zinapita, tushukuru Mungu." Watu wakaitikia. Mama Kulwa alipanda mgongoni kwa Doto, nami nikafuata nyuma nimebeba kiti kitupu.

Leo baada ya ibada nimekwenda kumwomba radhi. Akanionyesha kiti. "Kaa wewe." Nikakipeleka chini ya mteremko, nikakaa, nikasukuma. Nilifika pale pale alipofika yeye. Kiti kilipoanza kurudi, miguu yangu ikajikanyagia chini yenyewe kabla sijafikiri. Nikabaki nimekaa pale, nimejaa aibu, kwa sababu wewe na Mama Kulwa hamna miguu ya kujikanyagia.

Ndipo nikakukumbuka wewe na kile kilima cha shule. Nilikuwa nakusukuma mbio, najisifu kwa wenzangu. Ukisema, "Festo, tupumzike kidogo," najibu sijachoka. Miaka yote hiyo nilidhani unanihurumia mimi. Kumbe ulikuwa unaogopa, sivyo? Nisamehe. Ingekuwa fundi mwingine ningesema hakujua. Mimi nimekulia na kiti hicho nyumbani.

Kesho nabomoa. Mwenyekiti amekasirika, anasema nikigusa njia ile nitaijenga peke yangu. Sawa. Doto ameniahidi atakuja na nyundo. Safari hii tutalizunguka jabali, njia iwe ndefu na ya pole, yenye sehemu tambarare za kutulia. Ila sehemu hizo ziwe wapi, sijui, na naogopa kukosea tena. Nimemwuliza Mama Kulwa, akasema, "Mimi mlima sijapanda hata mmoja na kiti hiki, nitajuaje? Muulize aliyepanda."

Basi nakuuliza wewe. Pale kilimani ulikuwa unataka tupumzike wapi? Uanzie chini getini, uniandikie kila mahali mikono ilipouma na kila mahali ulipoogopa ukanyamaza. Usinionee huruma.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo wa bondeni, na mwinjilisti aliyenipa Biblia ya safari. Mjomba fundi naye msalimie sana, ila habari za toroli usimwambie kwanza, atasema nimemwaibisha.

Nasubiri jibu lako ndipo nichanganye saruji.

Mdogo wako, niliyekaa nyuma ya kiti miaka yote bila kukuuliza,
Festo