Sura ya Tisa Ilivyosomwa Mkutanoni

Jumatano. Kiangazi kinaelekea ukingoni hapa Nemba. Tangu asubuhi mawingu yamekaa upande wa Ngara, meusi, hayanyeshi wala hayaondoki. Sijasaga leo. Watu wameona mashine imefungwa wakadhani dizeli imeisha.

Dizeli ipo. Mimi ndiye nimeishiwa.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mjane mwenye mashine ya kusaga mahindi, na ni mwandishi wa riwaya za mapenzi ya watu wa zamani. Kijijini naitwa Mama Mashine. Naandika kwa simu, nimekaa juu ya gunia, na betri naichaji kwenye injini hiyohiyo inayosaga. Sura ikiiva naiweka hapa mtandaoni, wasomaji wa Mwanza na Dar na kwingine wanalia, wananitukana, wanaomba nyingine. Jirani zangu wachache wanasoma pia, ila huwa hawasemi. Katekista aliwahi kuniambia kwamba mwanamke wa umri wangu angeandika maisha ya watakatifu.

Riwaya mbili za kwanza zilikuwa za enzi za watemi na Wajerumani. Niliwauliza wazee mambo madogo madogo: mchumba alipelekewa nini, msichana akitaka kukataa alikataaje bila kufungua mdomo. Busu siandiki sana. Busu ni rahisi. Kigumu ni kumwonyesha mwanamume anampokea mwanamke mzigo bila kuombwa, na msomaji ajue palepale kwamba huyu amekwisha.

Riwaya ya tatu ni ya Bibi Generoza. Naweza kuandika jina lake sasa. Jana nisingeweza.

Bibi Generoza ni jirani yangu, mjane kama mimi, ana migomba mizuri kuliko yetu sote. Kwa miaka yote tuliyomfahamu alikuwa Mhangaza wa Ngara aliyehamia huku Biharamulo na mumewe, Mzee Lazaro, kutafuta ardhi. Siku moja alibaki mashineni wenzake walipokwisha kuondoka. Nilikuwa nimeandika juu ya binti wa mtemi, nikamlalamikia kwamba mapenzi yangu hayana damu.

Akakung'uta unga kwenye kanga. "Nitakupa yenye damu," akasema. "Ila jina langu usiandike."

Akanisimulia. Alizaliwa ng'ambo ya mto, Burundi. Lazaro alikuwa kijana wa upande huu, akivuka kupeleka chumvi sokoni kwao, na kwa kuwa Kirundi na Kihangaza ni kama ndugu wa tumbo moja, walielewana tangu neno la kwanza. Mwaka wa sabini na mbili watu wa kwao walipoanza kuuawa, kila mwenye miguu alikimbilia huku. Lazaro peke yake ndiye aliyekwenda kule. Alimkuta msichana amejificha kwenye mtama na mdogo wake ambaye hakuwa hai tena. Akamvusha. Walipofika upande huu mvua inanyesha, miguu ya msichana imechanika, hawezi kusimama. Lazaro akamkalisha juu ya jiwe akamwosha miguu kwa maji ya mvua. Akamwambia, "Kuanzia leo umezaliwa huku."

Kwa watu akasema amemwoa Bugufi, hukohuko Ngara. Nani angejua? Lugha ileile, sala zilezile, jembe lilelile.

Mimi nilikuwa msichana wa shule kule Ngara mwaka wa tisini na nne, barabara ilipojaa wakimbizi wa Rwanda na vilima vikabaki bila mti. Niliwaona wakipita siku nzima, magodoro kichwani. Tangu hapo nimetaka kuandika mapenzi ya mtu anayekimbia, na sikuwahi kuthubutu. Nikathubutu.

Nilibadilisha kila kitu. Mto nikaufanya mwingine, chumvi nikaifanya samaki wakavu, Lazaro nikampa jina la babu yangu. Jambo moja tu lilinishinda. Hapa kijijini kila mtu mzima anakumbuka kwamba mvua ya kwanza ya mwaka ikinyesha, Mzee Lazaro alikuwa akimkalisha mkewe kwenye kigoda mlangoni akimwosha miguu, wapita njia wakicheka. Tulidhani ni kichaa cha mapenzi. Ningeiandika, nani asingejua?

Nikaiandika, kisha nikataka kuifuta. Nikaenda kumsomea.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. "Iache," akasema. "Ukiitoa hiyo, umeandika watu wengine."

Nikaiacha, nikaiweka hapa. Ndiyo sura ya tisa.

Halafu redio ikatangaza kwamba wote wanaoishi nchini bila vibali warudi makwao.

Sijui niieleze vipi hali ya kijiji baada ya lile tangazo. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walianza tu kuulizana babu zao wamezikwa wapi. Walioishi hapa tangu kabla sijazaliwa walianza kuuza mbuzi. Asubuhi moja nyumba ya jirani mmoja ilikuwa imefungwa kwa waya, na kuku wake wanazurura uani.

Siku ileile ya tangazo niliiondoa hapa sura ya tisa.

Wiki iliyofuata akaja Deo mashineni. Deo ni mtoto wa dada yake Mzee Lazaro. Ni kijana wa kwaya, mpole wa maneno, shati lake halikosi pasi. Tangu mjomba wake afariki amekuwa akisema migomba ile ni ya ukoo. Aliweka ndoo yake kwenye foleni akanisogelea mpaka sikioni, kwa sababu ya mlio wa injini.

"Dada mwandishi, sura ya tisa imekwenda wapi?"

Nikamwambia ina makosa, nairekebisha.

"Usihangaike," akasema. "Mimi niliihifadhi." Akatabasamu.

Kuanzia siku hiyo alibadilisha salamu yake. Akikutana na Bibi Generoza kisimani, hakusema tena shikamoo. Alisema "Amahoro," kama wanavyosalimiana ng'ambo, kwa sauti ya kusikika, akapita. Kila siku hivyohivyo. Bibi aliniambia usingizi umemkimbia, akakataa katakata nilipomwomba ahamie kwangu.

Leo asubuhi tuliitwa mkutanoni, kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji alisema kila kaya iseme kama ina mtu asiye na karatasi, ili mambo yaende kwa utulivu. Alisema neno "utulivu" mara nyingi. Tulikaa kwenye nyasi kavu, wanawake upande mmoja. Bibi Generoza alikuwa mbele yangu kidogo, amejifunga kitenge chake cha kanisani.

Deo akanyoosha mkono. Akasema yeye si msemaji, ila ana kitu cha kusoma. Akatoa simu.

Niliitambua sura kwa sentensi ya kwanza. Ilikuwa yangu.

Nimeota miaka mingi kusikia maneno yangu yakisomwa mbele ya watu. Na Deo anasoma vizuri, Mungu anisamehe. Ana sauti. Anajua pa kupumua. Alisoma mtama, akasoma mto, akasoma jiwe na mvua. Alipofika kwenye kigoda mlangoni, mzee mmoja akacheka kwa kukumbuka, kisha akajishika mdomo.

Deo akafunga simu. "Sina la kuongeza," akasema. "Kila mtu hapa amemwona mjomba wangu akifanya hivyo. Mwandishi mwenyewe yupo."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Mashine, hii ni habari ya kweli?"

Nikasimama.

"Ni riwaya," nikasema. "Nimetunga."

"Yote?"

"Yote. Kigoda nilikiona, kama mlivyokiona ninyi. Mengine nimeyatoa kichwani. Hakuna msichana. Hakuna mto. Hayo mapenzi hayakuwahi kuwapo."

Nilidhani nimemwokoa. Nilisikia hata watu wakishusha pumzi.

Bibi Generoza akageuza shingo akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeona jeneza linashushwa kwa mara ya pili.

Akainuka taratibu, akishika goti.

"Mama Mashine, kaa," akasema. Akawageukia watu. "Huyo msichana ni mimi. Huyo mwanamume ni Lazaro. Alichotunga huyu ni majina tu. Niliwadanganya kwamba nimetoka Bugufi, kwa sababu Lazaro alitaka niishi. Nimeishi. Sasa hao watu wawili wasiambiwe kwamba hawakuwapo."

Akakaa.

Hakuna aliyemtukana. Ningependa kuandika kwamba walimpigia makofi, maana katika riwaya zangu ndivyo ingekuwa. Kilichotokea ni kwamba mwanamke aliyeketi ubavuni pake, ambaye wamepalilia pamoja miaka yote, alivuta kanga yake akasogea kidogo. Wa upande wa pili naye akasogea. Akabaki peke yake katikati ya nyasi.

Mwenyekiti alikohoa. Akasema kesho asubuhi Bibi apelekwe ofisi ya kata, wao ndio watakaoamua, na kama ana shahidi kwamba aliolewa na raia aende naye. "Nani atakwenda?"

Nikanyoosha mkono.

"Wewe umeshasema mbele ya wote kwamba ulitunga," mwenyekiti akasema, na hakusema kwa ubaya. "Nitakupeleka ukashuhudie nini?"

Mkono ukashuka wenyewe.

Hakuna mwingine aliyenyoosha.

Mchana Deo alionekana na wenzake wawili kwenye migomba ya Bibi, wakivuta kamba kutoka pembe hadi pembe. Hawakukata kitu. Wanapima tu. Nilikuwa nikiwaona kutoka dirishani, nikajaribu kuandika, kwa sababu ndicho ninachojua kufanya nikiogopa. Sikupata hata mstari. Kazi yangu ni kutunga uongo mpaka watu wauamini kuwa kweli. Leo niliitwa kuusema ukweli kuwa uongo, na nikauweza bila shida. Hilo ndilo linanitisha kuliko kamba ya Deo.

Jioni, jua likiwa bado lipo, mtu akabisha hodi.

Alikuwa Mama Deo. Namaanisha Yustina, mama mzazi wa Deo, dada wa Mzee Lazaro. Ni mwanamke mkimya ambaye hata mashineni huja akanisalimu na kuondoka. Alikuwa amemshika Bibi Generoza mkono, na mkono wa pili ana kifurushi cha nguo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Tupishe tuingie kwanza."

Wakaingia. Yustina akakaa chini, akavua ndala, akazipanga ukutani vizuri. Kisha akasema kama anayesema bei ya maharage:

"Siku alipofika kwetu mimi ndiye niliyechemsha maji. Kaka aliniambia kila kitu usiku uleule. Nilikuwa msichana. Harusi yao niliiona, padri alikuja, nilishika mshumaa. Kwa hiyo shahidi yupo. Kesho nakwenda naye."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mkutanoni.

"Aliyekuwa anasoma ni mwanangu," akasema.

Bibi Generoza alikuwa amefumba macho.

Nikamwambia Yustina kwamba nitaandika alichofanya, watu wajue kwamba kulikuwa na mmoja jasiri. Akanikata.

"Usiandike jasiri. Andika kwamba naogopa. Nimemwambia Deo kwamba nitakwenda. Alisimama akatoka nje, na sijui alikokwenda. Huyo mtoto nimemzaa mimi, Mama Mashine. Akinikasirikia huwa anapiga kelele. Leo hakupiga."

Bibi akafumbua macho akaniuliza kama ile sura bado ipo mahali popote.

Nikamwambia ipo, nimeificha tu.

"Irudishe," akasema. "Imesomwa na anayetaka migomba. Sasa isomwe na watu."

Nimeirudisha. Iko hapo chini ya shajara hii, sijagusa hata nukta. Ukiisoma, ujue kwamba yule msichana yupo, yuko hatua chache kutoka ninapoandika, amelala mkeka mmoja na wifi yake, na kwamba kuna watu wanaolala hivyo leo katika vijiji vingi vya huku, Nyantakara, Nyamigogo na kwingine, nguo zimefungwa tayari, hawajui kesho wataitwa nani.

Sijui ofisi itasemaje. Sijui kama neno la mwanamke mmoja litatosha dhidi ya kamba ya mwanawe. Nami nitakwenda, hata kama hawatanisikiliza. Nitasimama mlangoni, na wakiniuliza tena, sitatunga.

Kabla hajalala, Yustina aliinuka akakagua mlango wangu. Akalipapasa komeo kwa kidole.

"Hili linafunga kweli?" akauliza.

Nikamwambia linafunga.

Akalitazama tena. Kisha bila kuniomba ruhusa akashika gunia la mahindi kwa pembe moja, akanionyesha nishike pembe nyingine, tukalivuta wote wawili mpaka likaegemea mlango.