Shujaa Aliyenuna Hemani

Kaka Metodi, Mbarara inakusalimu kupitia kwangu, maana hapa Nyamitanga wananijua kuliko mwenyekiti wao.

Jana nilipeleka maharage kwenye shule moja. Dirishani nikasikia mwalimu anawasomea wanafunzi shairi la vita la Wagiriki wa kale, kwa Kiingereza, ambacho mimi nakimeza kama uji. Shujaa wao mkubwa kanuna hemani, hataki kupigana, kwa sababu mfalme wake kamvunjia heshima mbele ya watu. Nikaingiza kichwa: "Mwalimu, hawakumpelekea pombe ya kumpoza?"

"Wamempelekea mali nyingi, mzee. Kakataa."

"Basi huyo namjua! Ni kaka yangu, anakaa Nakivale. Wakwe walimpa kijana mrija wa kunywea pombe kabla yake yeye mkubwa, na tangu siku hiyo amegoma kuisemea familia!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaendelea: rafiki kipenzi wa yule shujaa akavaa silaha zake, akaenda vitani badala yake, akauawa. Hapo hakucheka mtu. Hata mimi nikatoa kichwa dirishani.

Kaka, Jumamosi wakwe wanaleta mahari ya Odeta, mtoto wa marehemu dada yetu. Usiposimama wewe kumsemea, nitasimama mimi, na nikianza kujisifu watarudi na ng'ombe wao. Toka nje, nyoa ndevu. Odeta hataki msemaji mwingine. Mimi pia sitaki, ila usiniombe niseme hivyo mbele ya watu.

Mungu akulinde, na hasira zako zipoe.

Mdogo wako akupendaye,
Feliksi