Kumgeuza Babu Yako

Mjukuu wangu, mke mwenzangu mkaidi,

Sisi tupo. Bati la jikoni limezibwa. Barua yako nimemsomea babu yako, kwamba huko maabara mnaipiga atomu kwa mwanga wa leza, elektroni inachomoka, nanyi ndio mnaoamua izunguke upande gani. Akacheka: "Mke wangu mdogo ana akili kukushinda, kizee!"

Basi sikia, msomi. Wewe unageuza kitu kisichoonekana bila kukigusa. Mimi kumgeuza mume wetu kitandani nimeshindwa. Mikono haina nguvu, na vidonda vya mgongoni mwake vimeanza kunuka. Jana nilipojaribu alinishika mkono akasema, "Niache hivi hivi, nimechoka."

Nimemwacha.

Barua ya kujibu usiandike. Haitamkuta.

Ni mimi, bibi yako.