Herufi Mbili Nilizozimeza

Jumatano, 4 Septemba 1912

Sijamwambia mtu. Dada Raheli amefungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba, na ni mimi niliyemfunga — kwa ulimi.

Alirudi juzi kwa gari la moshi kutoka nyumba ya wagonjwa wa akili, Usambara. Miezi minane! Amenenepa. Amekuja na barua. Baba mkubwa Matonya akaita ukoo wote, akanipa niisome, maana nimemaliza shule ya misheni na hakuna mwingine ajuaye. Wazee wakanikodolea macho. Imeandikwa: "Asifungwe." Nikasoma: "Afungwe."

Dada akasema palepale, sivyo, nilisomewa kule kabla sijaondoka. Baba mkubwa akacheka. Mnamsikia? Hajui hata A, anamsahihisha msomi! Huo ndio wazimu wenyewe.

Nami nilikwisha kuliona kosa. Nikaikunja barua.

Ijumaa, 6 Septemba

Mikono yake imevimba. Nimemlisha ugali na mlenda, tonge kwa tonge. Akasema, mdogo wangu, nisomee tena, polepole. Nikamwambia barua anayo Baba mkubwa.

Uongo. Imo humu, katikati ya kurasa hizi.

Jumapili, 8 Septemba

Kanisani sikuimba.

Tulipokuwa tunasaga uwele nilianza: Mama, ile barua... Akanikata. Usinikumbushe, mwanangu. Laiti ungekuwa umekosea kuisoma! Nikaendelea kusaga. Kwa nini niliendelea kusaga?

Alhamisi, 12 Septemba

Mwezi umeandama. Barua inasema kila mwezi ukiandama apelekwe kwa daktari wa boma. Mstari huo niliusoma sawasawa. Kesho tunakwenda, Dada, Baba mkubwa na mimi. Karani ataisoma!

Ijumaa, 13 Septemba

Bomani. Baba mkubwa ameambiwa angoje nje, penye ngazi. Sisi wawili tuliitwa ndani. Karani Halfani akasoma kwa sauti: asifungwe, apewe kazi ndogo, asemeshwe kwa upole. Akatazama mikono ya Dada. Nani aliwasomea hii nyumbani?

Nilitazama kalamu yake.

Dada akajibu, mpita njia.

Karani akacheka — huyo mpita njia ana chongo? — lakini akaandika. Amesema karatasi hiyo ataipata daktari, ndiye atakayeamua kama Dada amepona au arudi Usambara.

Tulipofika barazani nikamnong'oneza, kwa nini, Dada? Akasema, mimi nimezoea kutosadikiwa. Wewe hutaweza.

Sasa karani ameshuka ngazi na karatasi yake. Anamwuliza Baba mkubwa swali lilelile. Baba mkubwa atasema kweli, na itaandikwa kwamba Raheli ni mwongo, akili bado. Ni hatua kumi tu kufika pale. Nimezihesabu. Dada amenishika mkono, mimi naandika kwa huu mwingine.

Daftari langu, nakusihi, usimwambie mtu mpita njia ni nani.