Wifi Yako Amehamia Upande wa Dirisha

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, na uanze kuzipokea wewe kabla hujawagawia wengine, maana nakujua, huwa hujibakizii. Je, goti la shemeji limepoa? Na wapwa zangu, yule mkubwa bado anakula kama anafukuzwa? Sisi tunaendelea. Ningesema hatujambo, lakini ningekuwa nadanganya, ndiyo sababu nimekaa kuandika badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ungebadilisha mazungumzo kama kawaida yako.

Wifi yako amenitia wasiwasi tangu mvua zilipoanza. Unajua kazi yangu ni friji. Mtu akiniletea friji mbovu siifungui kwanza, naisikiliza. Ikinyamaza pale isipopaswa kunyamaza, hapo ndipo pana ugonjwa. Basi mke wangu alianza kunyamaza. Tukipanda ngazi za nyumbani anasimama katikati kufunga kiatu ambacho hakina kamba. Simu ikilia anatoka nayo nje. Nikimuuliza ni nani, ni mama wa duka la dawa. Kila siku mama wa duka la dawa! Nikajisemea, dalili ya mvua ni mawingu.

Huyo mama tunasali naye. Darasa letu la Biblia hukutana Alhamisi kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa, na mwalimu ni mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, ambaye mpaka leo anaamini kila jambo lina mshtaki na mshtakiwa. Somo likiwa gumu hutugawa: wa upande wa mlango watetee hoja hii, wa upande wa dirisha watetee ile, upende usipende. Safari hii akaleta somo la kutoa mimba. Je, Maandiko yanaruhusu hata daktari anaposema mama atakufa? Mlangoni tuseme hapana, dirishani waseme ndiyo. Mimi na wifi yako tulipangwa mlangoni. Alhamisi iliyofuata nageuka nimpe Biblia anisomee, nakuta kiti kitupu. Amehamia dirishani, kakaa bega kwa bega na mama wa duka la dawa. Watu wakacheka, wakasema nyumba yangu imepinduliwa. Nikacheka nao, lakini kicheko hakikushuka moyoni.

Mjadala ulipamba moto. Nilisoma pale Mungu anapomwambia Yeremia kwamba alimjua kabla hajamuumba tumboni. Mama wa duka la dawa akasema huo ni wito wa nabii mmoja, si sheria ya watu wote. Kisha akatupeleka kwenye Kutoka, kwa wale wanaume wanaopigana wakamuumiza mwanamke mjamzito. Biblia yake kuukuu inasema mimba iliharibika, yangu mpya inasema mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Tukabishana mpaka sauti zikakauka, kila mtu kakumbatia ya kwake, na mzee akifurahi kama amerudishwa kazini.

Hapo nikatoa silaha yangu, ile unayoijua: ushuhuda wa Mama. Jinsi madaktari walivyomwambia mimba hii itakuua, naye akachagua nizaliwe mimi. Nikamalizia na neno la Bwana kwamba hakuna upendo mkubwa kuliko wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Ukumbi mzima ukaitikia amina, hata wa dirishani. Wifi yako peke yake hakuitikia. Alisimama, mkono umeshika mgongo wa kiti, akasema kwamba Bwana huyohuyo alisema hakuna aliyemnyang'anya uhai wake, aliutoa mwenyewe kwa hiari. Kutoa ni kutoa, akasema, na kunyang'anywa ni kunyang'anywa, tusiviite jina moja. Kisha akaketi, anahema kama aliyebeba mzigo.

Dada, nilimkasirikia. Na kwa kuwa ni wewe uliyenilea, nakuambia yote: nilidhani ana mimba isiyo yangu, na kwamba hao wawili wanatafuta aya ya kuifichia. Nilichungulia mkoba wake. Nilimhesabia kila neno. Siku aliyosema anakwenda kusuka, nilimfuata na mfuko wangu wa vifaa begani, ili nikionekana niseme nimeitwa kazini. Hakwenda kusuka. Aliingia hospitali, mama wa duka la dawa amemshika mkono, nami nikasema leo ndiyo leo, kikulacho ki nguoni mwako. Niliwafuata hadi kwenye benchi walipoketi. Juu ya mlango paliandikwa Kliniki ya Moyo.

Nilisimama pale na bisibisi zangu kama mwizi aliyekosea nyumba. Mke wangu aliponiona aliniuliza kama friji ya hospitali imeharibika.

Mimba ipo, bado changa, na ni yangu. Moyo wa wifi yako ndio mbovu. Kuna mlango mmoja ndani yake uliobana, na daktari hakuzunguka: akiibeba mpaka mwisho, huenda nikarudi nyumbani bila yeye. Nilimuuliza kwa nini muuza dawa alijua kabla yangu. Akasema alitaka kwanza asikie mume wake angesema nini akiwa hajui anayezungumziwa ni nani. Na nilimjibu, kila Alhamisi, kwa sauti, watu wakiitikia amina. Nililia palepale kwenye benchi, mbele ya wagonjwa.

Hajaamua. Anasema kiumbe hicho anakipenda, na uhai wake anaupenda pia. Anachotaka ni kuulizwa. Halafu akaniuliza: na mama yako, nani alimuuliza? Ushuhuda ule nilipewa na Baba, nami sikuwahi kuusikiliza, niliusimulia tu.

Lakini wewe ulikuwepo. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsindikiza Mama kliniki. Na sasa nakumbuka kwamba kila nilipousimulia sebuleni kwako, uliinuka kwenda kutazama chungu jikoni, hata siku ambayo hapakuwa na kitu motoni. Nilidhani ni majonzi. Nisamehe dada, sasa nakushuku na wewe.

Jumatatu tunarudi kwa daktari. Nimemwambia wifi yako nitakaa upande atakaokaa yeye, awe mlangoni au dirishani. Hajaniamini, na simlaumu. Kwa hiyo niambie: Mama alisema ndiyo kwa kinywa chake? Kama alisema, nataka maneno yake. Kama Baba na wazee wa kanisa ndio walioamua, niambie pia, usinihurumie. Na kama alilia akitaka kubaki, niambie alimlilia nani. Maana wewe pia ulikuwa mwanawe. Miaka yote hii nimesimama mbele za watu nikimsimulia mama aliyekufa kwa ajili ya mwanawe, na katika ushuhuda wangu, dada, wewe hujawahi kuwemo.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwaambie mjomba anawakumbuka. Wifi yako yuko hapa, amelalia mito miwili, anakusalimu sana. Anaomba jibu lako uliandikie jina lake juu ya bahasha, alisome kabla yangu. Nimekubali.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba